Ngazi saba na kamba moja: kisa cha gati la Lamu na swali la nchi isiyo na kodi

Kisa hiki ni kidogo, ila ndicho ninachokikumbuka kila nikisikia watu wakiuliza kama nchi inaweza kuishi bila kodi. Chote kimeenea katika daftari moja la kurasa 96 ambalo mpaka leo ninalo. Kilitokea mtaa mmoja wa Lamu mjini, kwenye gati dogo, si lile kubwa la mbele. Mimi nilikuwa mshika fedha, kwa sababu ile ile inayowatia walimu wastaafu katika kazi hizo kila mahali: tuna miwani na hatuna safari.

Gati lile lina ngazi saba za mawe. Tatu za chini zilikuwa zimemegeka, na maji yakitoka abiria walishuka kwa kuruka. Siku moja bibi mmoja kutoka Matondoni aliteleza akavunjika mkono. Ofisi inayohusika ilikuwa na habari tangu mapema. Walikuja watu wawili, wakapiga picha, wakatuambia ngazi zimeingizwa kwenye mpango. Mpango ni neno zuri, ila haukanyagiki.

Jioni ile barazani nahodha mmoja wa boti za Mokowe, ng'ambo yetu upande wa bara, mtu mzima, si mgomvi, akasema: “Mwalimu, ndia yangu ni mai (njia yangu ni maji). Na kila lita nalipa pesa ya barabara. Barabara gani? Nionyesheni iliko nikaitembee.”

Watu walicheka, lakini hakuwa na mzaha. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli inayouzwa Kenya inabeba shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Kabla ya hapo zilikuwa 18. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Pampu haiulizi kama petroli inakwenda kwenye gari au kwenye mashine ya boti. Nahodha anayechoma lita 20 kwa siku huacha pampuni shilingi 500 za barabara, naye anaishi kisiwa ambacho lori lake ni punda. Tena nchi ilikuwa bado na joto la maandamano ya Juni 2024, yaliyomfanya Rais akatae kuutia saini Mswada wa Fedha. Ulikuwa mwaka wa kusema kodi basi.

Mpwa wangu, aliyerudi likizo kutoka Maskati, Oman, akauchochea moto. “Mjomba, mimi kule mshahara haukatwi hata baisa moja, na barabara zang'aa. Hizi kodi ni uzembe wa serikali tu.”

Hapo ndipo jambo lilipozaliwa. Nahodha akasema, basi tuache habari za kodi, kila mtu alipie anachotumia. Tunaotumia ngazi ni sisi, tuzitengeneze sisi. Ngazi zikiwezekana, gati litawezekana. Gati likiwezekana, mji utawezekana. Hakuna aliyempinga. Mimi mwenyewe niliona ana haki, na nikanunua daftari.

Miezi mitatu ya hiari

Fundi alikadiria shilingi 180,000: mawe, saruji, mchanga wa kuletwa kwa jahazi, na siku za kazi zinazofuata maji, si saa. Boti 22 zilitumia gati lile. Tukakubaliana shilingi mia kwa boti kwa siku, kwa hiari, pasi na kulazimishana. Mama anayeuza mahamri hapo gatini akasema naye atatoa kumi kila siku ya kazi, maana abiria wakihama gati yeye hana mteja.

Mwezi wa kwanza zilipatikana 51,000. Nilijiona waziri wa fedha. Mwezi wa pili 36,400. Wa tatu 15,900.

Nikilifungua daftari leo naona kwamba walioacha si maskini. Boti ndogo zenye mashine kuukuu zililipa karibu mpaka mwisho. Walioanza kuacha ni wenye boti kubwa za mwendo wa kasi, na kila mmoja alikuwa na sababu ambayo ukiisikiliza peke yake utaiona ya haki kabisa. Mmoja hushuka pale mara mbili kwa wiki, mbona alipe sawa na wa kila siku? Mwingine abiria wake ni vijana, wanaruka bila tabu. Wa tatu alisema atalipa siku atakayomwona wa kwanza amelipa. Tukabadilisha, tukasema mia kwa kila anayeshuka siku hiyo. Wakaanza kuteremsha watu gati la jirani na kuwatembeza hatua arobaini. Ngazi zikitengenezwa wangerudi. Walijua hivyo, nami nilijua kuwa wanajua.

Nikamwendea ustadhi, nikiwa na hila kidogo. Je, zaka haiwezi kumalizia hizi ngazi? Akanijibu kwamba zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba, na ngazi za gati hazimo humo. Akanielekeza kwenye wakfu. Na kweli, mji wetu umejengwa kwa wakfu: misikiti, visima, nyumba ambazo kodi ya wapangaji wake huwasha taa za msikiti, vyote viliachwa na watu waliokwisha kufa zamani. Ni utaratibu wa kuheshimiwa na umefanya mengi ambayo serikali haikuyagusa. Lakini wakfu huenda anakotaka mwenye mali. Aliyeacha nyumba kwa ajili ya kisima hakuiacha kwa ajili ya ngazi, na hakuna wa kumfufua aulizwe. Matajiri wakipenda visima, mji utakuwa na visima kumi na mfereji wa maji machafu hauna mwenyewe.

Kamba

Mwezi wa nne vijana wakaleta kamba. Ilifungwa nguzo hadi nguzo juu ya ngazi, na kijana mmoja mwenye kifua akasimamishwa hapo kwa shilingi 300 kwa siku, zikitoka mfuko ule ule. Anayelipa anafunguliwa, asiyelipa arudi na boti yake. Makusanyo yalipanda siku hiyo hiyo, na hata wale wa sababu za haki walilipa, wakinuna.

Niliitazama sana ile kamba. Miezi mitatu tulijisifu kwamba tumeishinda kodi. Sasa tulikuwa na kiwango kilichopangwa kikaoni, mkusanyaji, mshahara wa mkusanyaji, adhabu kwa asiyelipa, na hesabu. Lililokosekana ni jina tu. Nahodha nilipomwambia alikasirika, akasema hii ni ada, si kodi, kwa kuwa asiyetaka aende gati jingine. Ana hoja. Ila magati mengine nayo yangefunga kamba zao, na mtu hawezi kushuka Lamu kwa kuruka toka angani. (Lugha yetu nayo haimsaidii: tunaita kodi kile anachopewa mwenye nyumba na kile inachopewa serikali, na ushuru umetoka kwenye neno la Kiarabu la sehemu ya kumi. Mwenye mahali anadai chake. Mzozo ni nani mwenye mahali.)

Siku ya tisa, baada ya isha, ikaja boti kutoka Faza, kisiwani Pate, na mama mwenye uchungu wa uzazi. Nahodha wake hakuwa na chenji wala hakuwa mtu wa gati letu. Kijana wetu, ambaye tulimwagiza asisamehe mtu, akasita. Zilikuwa dakika mbili au tatu, lakini nilikuwapo. Aliyeikata kamba ni yule mama wa mahamri, aliyekuwa akikusanya vyombo vyake. Mtoto alizaliwa hospitalini, salama, na kamba haikufungwa tena. Baada ya kumlipa kijana, siku zile tisa zilituachia 17,100. Jumla ya yote 120,400. Tulipungukiwa 59,600.

Kwangu mimi usiku ule ndio kiini cha kisa. Kila mtu alipie anachotumia: sawa, hadi atokee mtu ambaye hakuna katika sisi anayetaka kumrudisha. Wenye kuandika kuhusu nchi bila kodi huruka hapa. Hesabu ya ada wanaipiga vizuri, ila hawasemi nani atashika kamba usiku boti ya mzazi ikifika.

Kutoka gatini hadi nchi nzima

Ngazi, angalau, zina nguzo za kufungia kamba. Mengi ya nchi hayana. Mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambako boti za Pate na Faza zilikuwa zikikwama maji yakitoka, ulipochimbuliwa ulichimbuliwa kwa wote, aliyechangia na asiyechangia. Doria ya baharini haiwezi kumlinda nahodha aliyelipa ikamwacha anayemfuata nyuma. Watu wa Mpeketoni, waliovamiwa na watu wenye silaha Juni 2014, wangelipia ulinzi kwa nyumba au kwa kichwa?

Sijamjibu nahodha na shilingi zake 500. Petroli anayochoma haikuja kwa bahari. Inaletwa na malori kwa barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, na abiria wake wa Mombasa na Malindi huja na mabasi ya barabara hiyo hiyo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata, boti zilikaa Mokowe zikisubiri watu wasiokuja. Ndia yake ni mai, lakini ridhiki yake inapita kwenye lami. Hata hivyo sidhani kwamba hilo linamaliza dai lake. Katika kila lita analipa kama mwenye gari, na gati analoshukia halihesabiwi kuwa barabara. Anayo haki ya kudai sehemu ya hizo 25 irudi majini. Ila hilo ni dai la mlipa kodi, si la mtu anayetaka kodi ife, na naona tofauti hiyo ilipotea barazani.

Kuna upande wa pili wa hesabu ambao hatuuoni kwa kuwa unakuja bila kelele. Katiba ya 2010 inataka kaunti zote zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka wa fedha wa 2021/22 Lamu ilitengewa takriban shilingi bilioni 3.1, mgao mdogo kuliko wa kaunti nyingine yoyote, na bado ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi za kaunti, hospitali ikiwamo. Fedha hizo zimechanganyika: kodi ya mishahara ya watu wa Nairobi, ushuru wa bidhaa Mombasa, na ushuru wa bia. Nilimtajia ustadhi kwamba hata muuguzi aliyempokea yule mama wa Faza analipwa kutoka chungu hicho. Akanyamaza kidogo. “Mwalimu,” akasema, “mengine usiyachimbe.”

Sasa Maskati. Mpwa wangu hakusema uongo, alisema nusu. Mshahara wake haukatwi, lakini tangu Aprili 2021 Oman inatoza asilimia 5 kwenye manunuzi, kwa hiyo ile simu aliyonitambia ameilipia kodi. Juni 2025 Oman ikatangaza sheria ya kodi ya mapato ya mtu binafsi, asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028. Ya kwanza ya aina hiyo katika nchi za Ghuba. Yeye hafiki huko, masikini, lakini mlango umefunguliwa. Saudi Arabia ilianza na asilimia 5 kwenye bidhaa mwaka 2018, ikapanda hadi 15 Julai 2020. Falme za Kiarabu nazo zilianza 2018, na tangu Juni 2023 zinatoza faida ya makampuni asilimia 9. Hizi ndizo nchi tunazotolewa mfano. Kamba yao waliifunga kwenye kisima cha mafuta, mbali na macho ya raia, na kwa kuwa kisima kina siku zake wanaileta polepole gatini.

Kenya ingefunga wapi? Mamlaka ya Mapato ilikusanya takriban shilingi trilioni 2.57 mwaka wa fedha wa 2024/25. Tuseme tunataka fedha hizo zitoke kwenye hazina iliyowekezwa, yenye faida ya asilimia 5 kwa mwaka: tungehitaji akiba ya trilioni 51 na zaidi. Mazao yote ya uchumi wa nchi kwa mwaka 2024 yalikuwa kama trilioni 16. Tungekaa miaka mitatu bila kula wala kuvaa ndipo tuanze. Bandari mpya ya Lamu, iliyofungua gati lake la kwanza Mei 2021, nayo ni mahali pa kazi, si kisima.

Na hata kisima hakitoshi bila akili. Nauru, kisiwa cha kilomita za mraba 21 katika Pasifiki, kilipata uhuru 1968 kikiwa juu ya fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea. Kikaishi bila kodi ya mapato, raia wake wakihesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia. Fosfeti ikaisha, akiba ikatapanywa kwenye uwekezaji mbovu, na mwaka 2014 kikaanza kutoza kodi ya mapato kwa mara ya kwanza. Njia nyingine ni kuchapa noti. Zimbabwe ilifika noti ya dola trilioni mia mapema 2009, na aliyekuwa na akiba ndani ya godoro alitozwa yote bila kuandikiwa risiti. Korea Kaskazini ilitangaza 1974 kwamba imefuta kodi. Huko viwanda ni vya serikali, kwa hiyo chake inakichukua kabla hakijaitwa mshahara.

Kuiachia kampuni kazi ya serikali? Tumewahi. Mwaka 1889 Wajerumani na Waingereza waligombania nani akodishwe forodha ya Lamu na Sultani wa Zanzibar, hata akaitwa mwamuzi Mbelgiji, Baron Lambermont, aamue. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, ndiyo iliyoipata. Tazama walichogombania: haikuwa pembe wala boriti, ilikuwa haki ya kutoza ushuru. Kampuni ilitoza na bado haikuziba gharama za utawala. Ikasalimu amri 1895, pwani ikawa mikononi mwa serikali ya Kiingereza, na mwaka 1901 ikaja kodi ya serikali juu ya nyumba.

Kodi ile nayo isisahauliwe, maana nasikika kama natetea kodi yoyote. Wagiriama wa nyuma ya Malindi, waliosimama na Mekatilili wa Menza kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914, walikuwa wakitozwa na huku wakitakiwa vijana wao waende kazini mashambani. Hapo kamba ilikuwapo, kali. Lililokosekana ni daftari ambalo mlipaji angeweza kulifungua.

Baada ya ngazi kwisha

Zile 59,600 hazikutoka gatini. Ndugu mmoja wa mtaa, aliye ng'ambo miaka mingi, alisikia akatuma zote, na taa ya sola juu yake. Hakutaka jina lake litajwe wala hakuweka sharti. Akasema, kitakachoharibika nipigieni. Fundi alimaliza kwa wiki mbili. Michango ikakoma siku hiyo, na nahodha akasema: umeona, Mwalimu, imewezekana.

Imewezekana kweli, ngazi zipo. Ila wakati wa michango vikao vyangu vilijaa. Niliulizwa kwa nini saruji ya duka hili na si lile, niliambiwa nimeandika 300 mara mbili (na kweli nilikuwa nimeandika mara mbili), nilirudi nyumbani nikiapa sishiki tena fedha ya mtu. Baada ya fedha ya ng'ambo niliitisha kikao, wakaja watu wanne. Cha pili nilikaa na daftari langu peke yangu hadi magharibi. Taa ilipozimika miezi michache baadaye, watu walianza kuwasha simu zao wakishuka, bila kuuliza. Nilimpigia yule ndugu. Alikuwa kazini, akaniambia kwa upole nimtumie ujumbe. Sikumlaumu, ni hisani yake, nami sikuwa na uso wa kumkumbusha mara ya pili. Nikawaelewa kidogo watu wa nchi zenye visima, kwa nini hupewa mengi na huuliza machache.

Aliyekuja ni mama wa mahamri. Alinikuta barazani, akakaa, akataka nimsomee jina lake. Siku 87, shilingi kumi kila siku, jumla 870.

“Ziliingia ngazi ya ngapi, Mwalimu?”

Nikadhani ananitania. Hakuwa. Basi tukapiga hesabu: shilingi 180,000 kwa ngazi tatu, 60,000 kila moja, mawe arobaini kwa ngazi, 1,500 kwa jiwe pamoja na kazi yake. Zake zilitosha zaidi kidogo ya nusu ya jiwe. Tukateremka gatini maji yametoka, akachagua mwenyewe, jiwe la pembeni kwenye ngazi ya tatu kutoka chini. Siku hizi maji yakiwa chini beseni lake huliweka hapo hapo, na boti zikija, hata zile kubwa, zinampisha.